Kwa nini picha ya SD huonekana hafifu kwenye skrini kubwa mpya

Msomaji wetu mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia hivi: «Bwana mtaalamu, televisheni yetu ya zamani ya inchi 21, ile yenye kisogo kirefu, iliharibika, tukanunua skrini bapa ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD. Dekoda ni ileile, abonema ni ileile, lakini sasa picha ina ukungu, nyuso za watu zimekuwa pana, na watoto wakitazama mpira nyasi inakatika vipande-vipande. Muuzaji anasema tatizo ni chaneli zetu kuwa za SD, na kwamba dawa ni kulipia HD. Hiyo SD ni kitu gani hasa, na je, imepitwa na wakati?»

Mama, nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Matatizo uliyoyataja ni matatu, na kila moja lina chanzo chake. Nyuso kuwa pana ni suala la mpangilio wa skrini. Ukungu unatokana kwa kiasi kikubwa na waya unaounganisha dekoda na televisheni, pamoja na ukubwa wa skrini yenyewe. Nyasi kukatika vipande-vipande ndiko kunakomhusu mrushaji wa chaneli, na hata hapo kosa si la SD kwa kuwa ni SD, bali ni la uchache wa data ambayo chaneli hiyo imepewa. Mawili ya kwanza unaweza kuyapunguza nyumbani bila kuongeza abonema.

SD ni televisheni ya dijitali yenye ubora wa kawaida, ilhali HD ni ile yenye ubora wa juu. Kwetu sisi maana yake ni picha yenye mistari 576, kila mstari ukiwa na pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720, na picha nzima 25 kila sekunde. Marekani na Japani hutumia mistari 480 yenye pikseli 720 zilezile, na picha karibu 30 kwa sekunde. Namba hizi zimerithiwa kutoka televisheni ya analogi. Mfumo wetu wa zamani ulikuwa na mistari 625, na 49 kati yake haikubeba picha, kwa kuwa huo ulikuwa muda wa mwale wa elektroni kurudi juu ya kioo kabla ya kuanza kuchora upya. Ukiitoa, inabaki 576. Katika enzi hiyo Kongo ilirusha rangi kwa mfumo wa SECAM uliotoka Ufaransa, ilhali majirani zetu wa Uganda na Zambia walikuwa na PAL, na ndiyo maana televisheni iliyonunuliwa upande mmoja wa mpaka iliweza kuonyesha picha isiyo na rangi upande wa pili.

Mwaka 1982 chombo cha kimataifa cha mawasiliano ya redio, kilichoitwa kwa kifupi CCIR na ambacho leo ni sehemu ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kilipitisha pendekezo namba 601, ambalo ndilo msingi wa SD yote tunayoitazama. Lilikubaliwa humo kwamba mwangaza wa picha upimwe mara milioni 13.5 kwa sekunde. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa sababu kinagawanyika bila masalio katika mifumo yote miwili ya dunia: kinatoa vipimo 864 kwa kila mstari wa mfumo wa mistari 625, na vipimo 858 kwa kila mstari wa mfumo wa Kimarekani wa mistari 525, na katika yote miwili ni 720 vinavyobeba picha. Rangi nazo zikatenganishwa na mwangaza na kupimwa peke yake, hivyo ugomvi wa SECAM na PAL ukaishia pale pale. Ninaiheshimu sana kazi ile. Bila makubaliano hayo kila bara lingejenga dijitali yake, na sisi tunaonunua vifaa kutoka kila upande wa dunia ndio tungelipa gharama.

Kuna urithi mwingine wa analogi ambao ndio unaoisumbua skrini yako. Picha ya SD haitumwi nzima kwa mara moja. Inagawanywa katika nusu mbili: kwanza mistari ya namba witiri, kisha mistari ya namba shufwa, na hivyo kila sekunde hupita nusu-picha 50. Utaratibu huu ulibuniwa kwa ajili ya televisheni za kioo cha mwale, ambazo zingemetameta vibaya kama zingechora picha 25 tu kwa sekunde, na ambazo zisingeweza kupewa picha 50 nzima bila kutumia nafasi maradufu hewani. Televisheni yako ya zamani ilizipokea nusu hizo kama zilivyo na kuzichora moja baada ya nyingine, kwa hiyo haikuwa na kazi ya ziada. Skrini bapa huwasha mistari yake yote kwa pamoja, na lazima iziunganishe nusu mbili ambazo hazikupigwa kwa wakati mmoja. Mtu akiwa ameketi anasoma habari, kazi hiyo ni rahisi. Mpira ukiwa unakimbia, nusu ya pili inaukuta mahali pengine, na skrini yenye prosesa ya bei nafuu huacha kingo zenye meno-meno au hulainisha picha nzima ili kuyaficha.

Baada ya kuunganisha, skrini inapaswa kuikuza picha. Pikseli 720 kwa 576 ni jumla ya 414,720. Skrini ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Maana yake ni kwamba kwa kila pikseli moja iliyotumwa na chaneli, skrini yako inabuni nyingine nne kwa kukisia kutokana na zilizo jirani. Inaweza kukisia vizuri au vibaya, lakini haiwezi kurudisha undani ambao haukutumwa. Sehemu ya ukungu unaouona inatoka hapa, na hii haitaisha kabisa hata ukirekebisha mengine yote.

Suala la nyuso pana lina maelezo mafupi. Ukigawanya 720 kwa 576 unapata uwiano wa 5 kwa 4, lakini picha ya SD hukusudiwa kuonyeshwa kwa uwiano wa 4 kwa 3 au wa 16 kwa 9, kwa hiyo pikseli zake si za mraba. Mrushaji huweka alama ndani ya data inayoieleza televisheni ni uwiano upi utumike. Ikiwa skrini imeamriwa kujaza kioo chote bila kujali alama hiyo, picha ya 4 kwa 3 inatanuliwa kwa theluthi moja, na kila mtangazaji ananenepa. Tafuta kwenye telekomandi sehemu ya ukubwa wa picha, uiweke kwenye hali ya otomatiki au 4:3, na ufanye vivyo hivyo kwenye menyu ya dekoda. Pembeni patatokea kanda mbili nyeusi. Watu wengi huzichukia kwa kudhani wanapunjwa sehemu ya skrini waliyoilipia, lakini hapo ndipo picha inapokuwa na umbo lake sahihi.

Sasa nyasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Picha ya SD isiyobanwa ni nzito mno: ukihesabu mwangaza na rangi kwa biti (tarakimu za 0 na 1) nane nane, mistari inayoonekana peke yake hufikia karibu megabiti 166 kwa sekunde. Hakuna mrushaji wa kawaida anayeweza kutuma mzigo huo. Kwa hiyo data hubanwa, na kwa miaka mingi njia iliyotumika ni MPEG-2, iliyokamilishwa katikati ya miaka ya 1990. MPEG-2 hukata picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, kisha kila mraba huelezwa kwa namba zinazoonyesha kiasi cha mabadiliko ya polepole na kiasi cha mabadiliko ya haraka ndani yake. Kwa kuwa jicho la binadamu halitambui sana makosa katika mabadiliko ya haraka, namba hizo hukadiriwa kwa ukali au hufutwa. Pia, badala ya kutuma kila picha nzima, mfumo hutuma picha moja kamili kila baada ya muda, kwa kawaida mara mbili hivi kwa sekunde, na picha zilizo katikati huelezwa kwa tofauti tu: mraba huu umesogea kushoto kidogo, mraba ule haukubadilika.

Ukitafakari utaona kwa nini mpira ni mtihani mgumu kuliko vipindi vyote. Nyasi ni undani mdogo-mdogo uliojaa kila mahali, na kamera inapomfuata mchezaji, uwanja wote unasogea kwa pamoja. Hakuna eneo tulivu ambalo mfumo unaweza kuokoa biti na kuzipeleka kwingine. Biti zikiisha, makadirio yanakuwa makali, undani unafutwa, na mipaka ya miraba ile ya 8 kwa 8 inajitokeza. Kwenye televisheni yenu ya inchi 21 kila mraba ulikuwa na upana wa chini ya nusu sentimita. Kwenye skrini ya inchi 43 picha ikijaza upana wote, mraba uleule unakaribia sentimita moja. Vipande hivyo vilikuwepo tangu zamani, ila sasa vinaonekana kutoka kwenye kochi.

Je, chaneli moja hupata biti ngapi? Fundi aliyewafungia parabole pengine aliandika kwenye menyu namba 27500 na 3/4, ambazo mafundi wengi hapa mjini wanazijua kwa moyo. Namba ya kwanza inasema kwamba mkondo huo wa setilaiti hubeba alama milioni 27.5 kwa sekunde, na katika DVB-S, kiwango cha dijitali cha setilaiti, kila alama hubeba biti mbili, jumla megabiti 55. Namba ya pili inasema kwamba robo ya biti hizo ni ya kinga dhidi ya makosa, na kuna kinga ya pili ambayo kwa kila baiti 188 za data huongeza 16. Ukitoa kinga zote unabaki na megabiti 38 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sufuria ya ugali, nayo inagawiwa kwa wageni wote waliokaribishwa kwenye mkondo huo: wakiwa wanane, kila mmoja anapata karibu megabiti 4.75, wakiwa kumi na watano, kila mmoja anaambulia takribani 2.5. Warushaji wenye vifaa bora hugawa kwa kadiri ya haja, wakiipa chaneli ya mpira zaidi pale kipindi cha mazungumzo kinapohitaji kidogo, lakini jumla haiongezeki. Kampuni ikipenda kutangaza kwamba ina chaneli nyingi, kila chaneli inapungukiwa. Mimi naona huu ni uamuzi mbaya kwa mtazamaji, na ni bahati mbaya kwamba tangazo la biashara hutaja idadi ya chaneli na kunyamazia data inayopewa kila moja.

Uthibitisho unaweza kuupata mwenyewe. DVD halisi ina idadi ileile ya pikseli, 720 kwa 576, na hutumia MPEG-2 ileile, lakini inaruhusiwa kufikia megabiti 9.8 kwa sekunde. Tazama DVD ya harusi iliyorekodiwa na kutengenezwa vizuri kwenye skrini hiyohiyo ya inchi 43, na utashangaa jinsi SD inavyoweza kupendeza. Kisha tazama mojawapo ya zile sahani zinazouzwa barabarani zikiwa na filamu nyingi kwenye sahani moja, na ukungu utarudi, kwa kuwa data imebanwa kupita kiasi ili zote zienee. VCD ilikuwa chini zaidi, na pikseli zake 352 kwa 288 na kiasi cha megabiti 1.15 za picha.

Mfumo wa ubanaji nao una uzito wake. H.264, iliyochapishwa mwaka 2003, hutoa picha ya ubora unaokaribiana na wa MPEG-2 kwa takribani nusu ya biti, na HEVC ya mwaka 2013 inapunguza tena kwa kiwango cha namna hiyo. Hivyo chaneli ya SD ya megabiti 2 kwa H.264 inaweza kuwa nzuri kuliko ya megabiti 3 kwa MPEG-2, ingawa zote mbili zinaitwa SD. Hata chanzo kina maana: kipindi kilichopigwa kwa kamera ya HD na kupunguzwa hadi SD mwishoni huwa kikali kuliko kile kilichopigwa kwa kamera ya zamani.

Ukilinganisha na analogi, faida kubwa ya dijitali ilikuwa nafasi hewani. Chaneli ya analogi kwenye UHF, mkanda wa mawimbi wa antena za kawaida, ilichukua megahezi 8 peke yake. Nafasi hiyohiyo kwa DVB-T2, kiwango cha dijitali cha antena kilichotolewa mwaka 2009, inaweza kubeba karibu megabiti 40 kwa sekunde, yaani chaneli nyingi za SD au chache za HD. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda matangazo ya analogi kwenye UHF katika Afrika na Ulaya kwa sababu hiyo. Kwa mji wetu uliojengwa juu ya vilima kuna faida nyingine. Mawimbi yanayogonga kilima na kurudi yalileta kivuli cha pili kwenye picha ya analogi, kila mtu akiwa na kichwa cha pili pembeni. DVB-T2 na DVB-T iliyoitangulia huacha muda wa ulinzi kati ya alama na alama, ambao katika mpangilio mmojawapo wa DVB-T unafikia mikrosekunde 224, na mwangwi wowote unaofika ndani ya muda huo hauharibu kitu.

Hasara yake ni kwamba dijitali haidhoofiki kidogo kidogo. Analogi ilijaa chengachenga lakini uliendelea kumtambua msemaji. Dijitali inabaki safi mpaka kinga ya makosa inapozidiwa, kisha inavunjika ghafla. Mvua kubwa za Bukavu huonyesha jambo hili vizuri, kwa sababu setilaiti nyingi za majumbani hutumia mkanda wa Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambako matone ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi kwa nguvu. Parabole kubwa za mkanda wa C, karibu na gigahezi 4, haziathiriki sana. Kwa hiyo tofautisha aina mbili za vipande, Mama. Vipande vinavyotokea kwenye nyasi wakati wa mwendo, huku sauti ikiwa nzima, vinatokana na uchache wa data. Vipande vikubwa vinavyoganda, sauti ikikatika, vinatokana na mawimbi hafifu. Hapo fungua menyu ya dekoda uangalie kipimo cha ubora wa mawimbi, na kama kiko chini hata jua likiwaka, parabole imesogea au kiungo cha waya kimeingia maji.

Ndani ya nyumba, geuza dekoda uangalie waya. Kama imeunganishwa kwa waya wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, basi ule wa njano peke yake unabeba picha yote. Dekoda inaipokea picha ya dijitali ambayo rangi na mwangaza vimetengana, inavichanganya upya kuwa analogi, kisha televisheni inajaribu kuvitenganisha na kuvirudisha kuwa dijitali. Kila hatua inapoteza kitu: kingo za rangi zinavuja, na nguo zenye mistari myembamba zinameta rangi ambazo hazipo. Waya wa HDMI huipeleka picha ikiwa dijitali mwanzo hadi mwisho. Ukiwa nao, jaribu menyu ya dekoda kwenye 576p (mistari 576, picha nzima), kisha kwenye 1080i (mistari 1080, nusu-picha); katika hali ya kwanza kazi kubwa ya kukuza inafanywa na televisheni, katika ya pili inafanywa na dekoda, na jicho lako litakuambia kifaa kipi kinakuza vizuri zaidi. Kama dekoda haina HDMI, hakikisha walau imewekwa kwenye PAL wala si NTSC, mfumo wa Kimarekani, ili mwendo usigeuzwe kutoka nusu-picha 50 kwenda 60 na kuanza kuruka-ruka.

Nikija kwenye HD yenyewe, ngazi zake ni 1280 kwa 720, kisha 1920 kwa 1080, na juu yake 4K yenye 3840 kwa 2160, ambayo ina pikseli mara ishirini ya SD yetu. Iwapo faida hiyo itaonekana kunategemea umbali. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takribani sehemu moja ya sitini ya digrii, na hesabu hiyo huifanya mistari 576 itoshe ukikaa kwa umbali wa mara sita ya kimo cha picha, na mistari 1080 kwa umbali wa mara tatu. Kimo cha skrini ya inchi 43 ni kama sentimita 53. Ukikaa mita 3.2 au zaidi, SD nzuri na HD zitakaribiana sana. Ukikaa mita 2, tofauti itakuwa wazi. Kwenye simu, ambayo kioo chake ni kidogo, picha ya 480p inatosha kabisa, na saa moja kwa megabiti 1 kwa sekunde hula kiasi cha megabaiti 450 za furushi lako, ilhali HD ya megabiti 4 hula gigabaiti 1.8.

Kuhusu kulipia HD, ushauri wangu ni kubadilisha waya na mpangilio wa picha kwanza, kusogeza kochi nyuma kama chumba kinaruhusu, kisha kutazama mechi moja nzima. Ikiwa nyumbani kwenu mnatazama hasa habari, mahubiri na tamthilia, huenda mkaridhika hapo. Ikiwa mpira ndio unaowakusanya, chaneli ya HD iliyopewa megabiti za kutosha itawafaa, na fedha hiyo haitapotea. Lakini kabla ya kulipa, soma kibandiko cha dekoda yako: kama hakitaji HD, kifaa hicho hakiwezi kufungua picha za HD hata abonema ikiwa imelipwa, na itabidi muuzaji akuambie kwanza bei ya dekoda mpya.